Usiniambie ni i7, Niambie ni ya Mwaka Gani

Kuna meseji napokea karibu kila wiki. Haina salamu. Ni picha ya laptopu juu ya kaunta ya kioo, stika ya bluu inang'aa kando ya kibodi, halafu swali: "Msee, hii ni i7, wanasema thelathini na mbili, nichukue?"

Jibu langu huwa ni lilelile. i7 ya mwaka gani?

Hapo stori hukatika. Wengine hudhani ninawaringia, wengine hunirudishia, "Kwani si i7 ni i7 tu?" Basi leo nimeamua kuiandika hii kitu yote mahali pamoja, ili siku nyingine nikiulizwa nitume linki nirudi kazini. Ni ndefu kidogo. Kama uko kwa mathree na jam imeshika Thika Road, una bahati.

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na hata kozi yenyewe ilikuwa ya biashara. Lakini mkate wangu unatoka kwa kuhariri video, na mtu anayehariri video kwa mashine ya mtumba hulazimika kuijua prosesa vile dereva wa matatu anavyoijua gia inayokwama. Na nimegundua jambo moja nikifuatilia historia ya hizi chipu: kila kizazi cha wanunuzi kimepewa namba moja ya kushikilia, na kila mara watu wanapoizoea hiyo namba, inaacha kusema ukweli. Sisi wa "ex-UK" ndio tunaumia zaidi, kwa sababu kwenye kaunta moja ya Luthuli unapata mashine zilizopishana miaka kumi, na zote zimevaa stika zinazofanana kama mapacha.

Prosesa ni nini kwanza? Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niandike "kichakataji cha tarakilishi", na namheshimu sana, ila jaribu kuitisha kichakataji mjini uone utakavyoangaliwa. Prosesa ni kipande cha silikoni, mara nyingi kidogo kuliko stempu ya posta, kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Ndani yake kuna transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, za kuwaka na kuzima tu. Filta unayoweka kwa picha, game unayocheza, yote huishia kuwa swichi zinazowaka na kuzima. Halafu kuna saa ndani yake inayopiga, na swichi hufuata mapigo hayo. Mapigo milioni moja kwa sekunde ni megahezi moja. Bilioni moja ni gigahezi.

Prosesa ya kwanza kuuzwa ikiwa nzima ndani ya chipu moja ilikuwa Intel 4004, Novemba 1971. Haikutengenezewa kompyuta hata. Kampuni ya Japani iliyoitwa Busicom ilitaka chipu za kikokotoo cha mezani, na kina Federico Faggin, Ted Hoff, Stan Mazor na Masatoshi Shima wakaishia na kitu ambacho kingeweza kupewa kazi yoyote. Ilikuwa na transista kama 2,300. Kumbuka hiyo namba, tutairudia.

Kompyuta tulizozirithi zilianza 1981. IBM, kampuni ya kompyuta kubwa kuliko zote wakati huo, ilikuwa na timu ndogo Boca Raton, Florida, iliyoambiwa itengeneze kompyuta ya mtu binafsi na iharakishe. Badala ya kuunda prosesa yao, walinunua Intel 8088, yenye mwendo wa megahezi 4.77. Lakini IBM hawakutaka kutegemea duka moja, kwa hivyo Intel ikalazimika kuruhusu kampuni nyingine pia ziunde chipu zake. Mojawapo ilikuwa AMD. Yaani ule upinzani wa Intel na AMD unaowafanya watu wagombane kwa komenti usiku kucha ulianza na mteja mmoja aliyekataa kuweka mayai yake yote kwa kikapu kimoja. Na laptopu yako ya Windows, kama ina chipu ya mojawapo ya hizo mbili, bado inaelewa lugha ya ukoo ule wa 8088.

Enzi hizo namba zilikuwa na adabu. 286 ilitoka 1982, 386 ikatoka 1985, 486 ikatoka 1989. Kubwa ni mpya, mpya ni bora, kwisha. Shida ni kwamba AMD nao waliandika 386 juu ya chipu yao, Intel wakaenda kortini Marekani, na korti ikasema namba haiwezi kuwa mali ya mtu. Kwa hivyo ile ambayo ingeitwa 586, walipoitoa 1993 wakaipa jina: Pentium, kutoka neno la Kigiriki la tano.

Kabla ya hapo, 1991, walikuwa wameanza kampeni ya "Intel Inside". Walisaidia kampuni za kompyuta kulipia matangazo mradi nembo ya Intel ionekane. Ile stika unayonipigia picha ilizaliwa hapo. Haikuwahi kuwa cheti cha ubora. Tangu siku ya kwanza ilikuwa tangazo.

Na tangazo lilifanya kazi kupita kiasi. 1994 iligunduliwa kwamba Pentium hukosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Ni kosa ambalo watu wengi wasingekutana nalo maishani, lakini sasa kila mtu alijua jina la chipu iliyo ndani ya mashine yake, na kila mtu akataka abadilishiwe. Iliwagharimu Intel dola milioni 475.

Halafu ikaja namba ya pili, ile ya mapigo. Kama una mjomba aliyekuwa na saiba miaka ya 2000, muulize kuhusu Pentium 4. Atakuambia gigahezi zake kabla hajakuambia jina la mtoto wake wa kwanza. Machi 6, 2000, AMD walitangaza Athlon ya gigahezi 1. Intel wakajibu na yao baada ya siku mbili. Siku mbili, wasee. Novemba mwaka huohuo Intel wakatoa Pentium 4, na hapa nataka tukae kidogo.

Chukulia kibanda cha chapati. Mtu mmoja anaweza kukanda, kusukuma, kuchoma na kufunga. Au unaweza kuweka watu wanne kwa foleni, kila mmoja na kazi yake ndogo, ukapiga kengele na kila kengele ikilia chapati inasogea hatua moja. Kwa sababu kazi ya kila mtu ni ndogo, unaweza kuipiga kengele haraka sana. Prosesa hufanya hivyohivyo. Pentium III ilikuwa na hatua kama kumi. Pentium 4 ikaanza na ishirini, na toleo la 2004 likafika 31. Kengele ikalia haraka ajabu. Lakini je, kama mteja akibadilisha mawazo, aseme ni mandazi alitaka? Lazima umwage kila kitu kilicho kwa foleni uanze upya, na foleni ya watu 31 inamwaga unga mwingi. Programu hubadilisha mawazo kila wakati: ikiwa hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile. Prosesa hubahatisha njia mapema, na ikikosea, inamwaga.

Matokeo yake, Pentium 4 za kwanza, za gigahezi 1.4 na 1.5, ziliwahi kushindwa kazi fulani na Pentium III ya gigahezi 1. Kengele ililia zaidi, chapati zikatoka chache. Lakini dukani nani anahesabu chapati? Watu walinunua kengele.

AMD nao hawakuwa malaika. Walipoona wateja wanaangalia gigahezi pekee, 2001 wakaanza kuandika Athlon XP 1800+ kwa chipu iliyokuwa ikienda megahezi 1,533. Walidai ile 1800 ni kipimo cha kazi, si cha mwendo. Kikazi walikuwa na hoja. Ila angalia tulipofika: chipu imeandikwa namba ambayo si mwendo wake, ili ishindane na chipu ambayo mwendo wake si kazi yake.

Kilichomaliza huo mchezo ni joto. Tangu 1974 mhandisi wa IBM, Robert Dennard, alikuwa ameonyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista, unaweza kupunguza umeme wake kwa kiwango kilekile, kwa hivyo unaongeza transista na mwendo bila chipu kuungua. Ilifanya kazi miaka thelathini. Kisha transista zikawa ndogo mno hata zikizimwa umeme unavuja, kama mfereji usiofunga vizuri. Pentium 4 ikaishia gigahezi 3.8. Ile ya gigahezi 4 iliyoahidiwa ikafutwa Oktoba 2004, na mkubwa wa Intel, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya watu kuomba msamaha. Ulikuwa utani, lakini magoti yalikuwa ya kweli. Tangu hapo mwendo umepanda polepole sana. Laptopu ya leo ikifika gigahezi 5, hufika kwa muda mfupi tu kisha inashuka kabla haijajichemsha.

Cha kuchekesha ni kwamba Intel waliokolewa na chipu ya laptopu. Timu yao ya Haifa, Israel, ilikuwa imeunda Pentium M, iliyotoka 2003, ya kutunza betri: foleni fupi, kengele ya polepole, chapati nyingi. Kutoka ukoo huo wakapata Core 2 Duo, Julai 2006. Bado kuna watu wanazitumia hizo hadi leo, na nawapigia saluti, japo video zangu wasijaribu kuzihariri nazo.

Duo ilimaanisha viini viwili. Kama huwezi kuharakisha mpishi, leta mpishi wa pili. Intel na AMD wote walileta prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida mwaka 2005, na namba ya tatu ya kushikilia ikazaliwa: viini vingapi? Nayo ikaharibika. 2011 AMD walitoa chipu za FX zilizoandikwa viini vinane, lakini kila viini viwili vilikuwa vinagawana sehemu za kazi, kama wapishi wawili kwa jiko moja. Wateja Marekani wakashtaki, wakisema hivyo si vinane. 2019 AMD walikubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi.

Sasa tufike kwa stika yako.

Jina Core i7 lilianza Novemba 2008. i5 ikaja 2009, i3 ikaja 2010. Na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hivyo nitaliweka kama ripoti ya shule. i3, i5 na i7 si maksi. Ni nafasi darasani. Aliyekuwa namba moja darasa la nne mwaka 2012 alikuwa namba moja kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini usimpeleke akashindane na mtu wa namba kumi kidato cha nne. i7 maana yake ni kwamba mwaka ule, kwa aina ile ya mashine, hii ilikuwa juu. Mwaka upi na aina ipi ya mashine, stika haikuambii.

Mwaka unaupata kwa namba inayofuata. i5-8250U ni kizazi cha nane. i7-10510U ni cha kumi. i5-1135G7 ni cha kumi na moja, na nimewahi kumsikia muuzaji akimwambia mteja ni "ya kwanza kabisa, original". Aina ya mashine unaipata kwa herufi ya mwisho. U huwa ni chipu ya kutunza betri, kwa kawaida wati 15. H au HQ ni ya kazi nzito, kama wati 45.

Na sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hii sentensi moja ingeokoa pesa za watu wengi ninaowajua. Kuanzia kizazi cha tatu hadi cha saba, i7 za herufi U zilikuwa na viini viwili tu. Viwili. i7-4600U, viwili. i7-6600U, viwili. i7-7500U, viwili. Kisha Agosti 2017 kikaja kizazi cha nane, na i5-8250U ya kawaida ikawa na vinne. Usiku mmoja i5 ikawa na wapishi mara mbili ya i7 ya mwaka uliotangulia, kwa wati zilezile 15.

Kwa nini tulikaa na viwili miaka yote hiyo? Maoni yangu: kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwasukuma. Zile FX za AMD zilikuwa zimeanguka, na mwenye duka la pekee mtaani hana sababu ya kuongeza nyama kwa samosa. Machi 2017 AMD wakarudi na Ryzen. Ryzen 7 1800X ilikuwa na viini vinane kwa dola 499, wakati ambapo ya Intel yenye viini vinane ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 1,000. Chipu hupangwa miaka mingi mapema, kwa hivyo sitasema kizazi cha nane kilizaliwa kwa hofu ya Ryzen. Ila angalia hizo tarehe mwenyewe.

Binamu yangu anaishi Nakuru. Mwaka juzi alipata kazi ya kuhariri video za harusi, mwenye studio akamwambia njoo na mashine yako. Mama yake akakopa kwa chama, wakapata elfu thelathini na tatu, akapanda gari asubuhi akaja Nairobi. Hakuniambia, alitaka kunishangaza. Akaingia duka moja mjini ambalo sitalitaja, akaeleza kazi anayotaka kufanya, akauziwa i7-5600U. Mashine safi, haina mkwaruzo, betri iko sawa. Yangu wakati huo ilikuwa i5-8250U niliyoinunua elfu ishirini na nane, ya kona moja imevunjika nikaibandika tepu.

Jioni tuliweka kazi moja kwa mashine zote mbili. Video ileile, programu ileile. Yangu ilimaliza tukiwa bado tunakula. Yake tuliiacha ikiendelea, tukaosha vyombo, tukaangalia kipindi kizima cha mpira, na feni ilikuwa inalia kama ndege ya Wilson. Aliangalia ile stika muda mrefu. Akaniuliza, "Lakini hii si ndiyo kubwa?"

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na mtu wa kumlaumu kwa urahisi. Stika ilisema i7, na kweli ni i7. Kesho yake tulirudi dukani, muuzaji akatuonyesha risiti: "Core i7, RAM 8." Hakuna neno la uongo hapo. Akasema kubadilisha ni kuongeza elfu kumi. Binamu yangu hakuwa nazo. Alirudi Nakuru, akafanya harusi mbili akikesha, ya tatu ikachelewa siku nne na studio ikampa kazi mtu mwingine. Mama yake alilipa chama hadi Desemba.

Kizazi cha nane kina mpaka mwingine juu yake. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft waliweka orodha ya prosesa zinazoruhusiwa, na kwa Intel orodha inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za cha saba. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja. Sasa fikiria ofisi ya London yenye laptopu mia tatu za kizazi cha sita. Zinafanya kazi vizuri tu. Lakini mtu wa usalama wa kompyuta hawezi kuziruhusu tena, lazima ziende. Zinaenda wapi? Mimi na wewe tunajua zinaenda wapi. Zikifika zinapanguswa, zinabandikwa stika mpya, na bei inategemea kama imeandikwa i5 au i7.

Sisemi usinunue ya kizazi cha sita. Kwa elfu kumi na tano, ukitaka kuandika CV, kusoma na kuangalia filamu, ni mashine poa. Weka diski ya SSD kama haina, weka Linux Mint, itakutumikia miaka. Ninachokataa ni kuilipia bei ya kizazi cha nane kwa sababu ya herufi moja na namba moja.

Kuna ukoo mwingine kabisa siwezi kuuacha, kwa sababu uko mfukoni mwako sasa hivi. Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo iitwayo Acorn ilitaka prosesa yake yenyewe. Sophie Wilson alibuni lugha ya chipu, Steve Furber akabuni chipu, na Aprili 1985 ARM ya kwanza ikawaka. Ilikuwa na transista kama 25,000, wakati 386 ya mwaka huohuo ilikuwa na 275,000. Furber amesimulia kwamba alipopima umeme inaotumia, kipimo kilionyesha sufuri. Waya wa umeme wa chipu ulikuwa haujaunganishwa. Ilikuwa inafanya kazi kwa umeme uliovuja kutoka nyaya za kupitisha data. Leo simu yako, iwe Tecno au iPhone, inaendeshwa na ukoo huo, na Novemba 2020 Apple wakauweka kwa laptopu wakauita M1: transista bilioni 16, na MacBook Air isiyo na feni hata moja. Kutoka 2,300 hadi bilioni 16 ndani ya miaka 49. Nikiona hiyo hesabu huwa nanyamaza kidogo.

Mtu atasema, basi tuangalie nanomita, hiyo ni sayansi. Pole. Zile "nanomita 7" na "nanomita 5" siku hizi si kipimo cha kitu chochote ndani ya chipu, ni majina ya viwanda. 2021 Intel walichukua teknolojia waliyokuwa wakiiita nanomita 10 wakaibadilisha jina ikawa "Intel 7".

Na hesabu ya viini imevurugika tena. Tangu kizazi cha kumi na mbili, Novemba 2021, Intel wanachanganya viini vikubwa na vidogo. i7-1355U ina kumi, lakini vikubwa ni viwili na vidogo ni vinane. Si jambo baya, betri inadumu. Ila ni wapishi wawili na wasaidizi wanane, usiambiwe ni wapishi kumi.

AMD nao? Chukua Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7540U. Kwenye rafu zinakaa bega kwa bega, tofauti ni tarakimu moja. Ya kwanza ina viini vinne vya Zen 2, ubunifu wa 2019. Ya pili ina sita vya Zen 4, ubunifu wa 2022. Siri imefichwa kwa tarakimu ya tatu: 2 ni Zen 2, 4 ni Zen 4. Nani dukani atakuambia uangalie tarakimu ya tatu? Na Intel tangu mwisho wa 2023 wameanza kuitoa ile "i", sasa kuna Core Ultra 7, na kuna Core 7 bila Ultra. Core 7 150U ya 2024 ni ndugu wa karibu sana wa ile i7-1355U ya mwaka uliotangulia, amebadilishiwa shati. Hizo zote zitafika kwa kaunta zetu miaka mitatu, minne ijayo, na meseji zitaanza upya.

Kwa hivyo ukiwa dukani fanya hivi. Sema uwashiwe mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua ukurasa wa Performance, bonyeza CPU. Juu kulia utaona jina kamili la prosesa, lote na namba zake, na chini utaona imeandikwa Cores. Piga hiyo skrini picha, ndiyo unitumie, stika iache. Kisha chomeka chaja, toa chaja, uone betri ikoje, hiyo ni stori ya siku nyingine. Na muuzaji akikuambia haiwezi kuwashwa hadi ulipe, mlango wa pili kuna duka lingine, na la tatu liko ghorofani.